Ukurasa Mwingine

Kaka,

Najua shemeji ndiye anayekusomea. Shemeji, hujambo? Msomee taratibu.

Sisi wazima, ila miguu imenivimba, na msaidizi niliyeahidiwa shuleni sijamwona hadi leo. Wiki hii nimewapima watoto arobaini, mmoja mmoja, ndani ya stoo ya madawati mabovu, kujua ni nani herufi zinamsumbua. Nimechoka hata kuongea.

Jana aliingia binti wa darasa la sita. Alisoma akitiririka kama maji. Kumbe kitabu alikuwa amekifungua ukurasa mwingine kabisa. Hadithi aliikariri kwa kuwasikiliza wenzake. Nikamwambia si mvivu wala mjinga, kusoma kunamwia vigumu tu, na tutamfundisha kwa njia nyingine. Akalia.

Nikakukumbuka, kaka. Nilipougundua ujanja wako huohuo, nilikimbilia kwa baba kukushtaki. Alikuchapa akikuita mvivu, ukaacha shule, na mkoba wako nikapewa mimi.

Hukuwa mvivu.

Shemeji, hapo rudia.

Mdogo wako,
Mwalimu