Kigurudumu cha Trei ya Juu

Mpanda, 8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, ng'ombe wazima, na Bibi kaamka leo bila kuulaani mguu wake. Mimi sijambo, ila situlii.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Baba, nikipiga unaweka spika, boma zima linasogea, mpaka wachungaji wa jirani wananisalimia. Maneno yananikauka kooni. Kwenye karatasi naweza.

Ile mashine ya kuoshea vyombo imeharibika. Ile ya mtumba ambayo anko Lukmani aliinunua Dar, ikaja na treni, shangazi akaita majirani waje waisikie ikinguruma. Ndani ina trei mbili za waya. Ya juu, ya vikombe, inateleza kwenye reli kwa vigurudumu vidogo vya plastiki, na kimoja kimepasuka. Ukivuta, trei inalala upande kama mtu aliyekalia kigoda kibovu, vikombe vinamwagika. Anko kaulizia spea, kaambiwa anunue mashine nyingine. Kwa hiyo vyombo vyote vya mgahawa wa shangazi vimerudi mikononi mwangu, na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba.

Nimejaribu. Nilichonga kigurudumu cha ndala, kama vile vya magari ya waya tuliyochezea utotoni. Maji ya moto yakakikunja kama jani la tumbaku. Nikaweka kizibo cha soda na msumari, kikatapika kutu kwenye vikombe vya maua. Shangazi akanywa, akasema, "Mtoto wa Manyanda, chai yangu sasa ina dawa ya kuongeza damu."

Lingine naona aibu kulisema. Nataka kuja kumwona Bibi, hata wikiendi moja. Niruhusu.

Msalimie sana. Msalimie na Diwani, ng'ombe wake.

Mwanao,
Minza

Majimoto, 17 Septemba 2024

Mwanangu Minza,

Marahaba. Na kwa salamu yetu ya Kisukuma, mwangaluka. Barua yako Gelasius, konda wa basi, kanipa mkononi ikinuka dagaa. Sisi wazima. Mvua bado, nyasi zimekwisha, malisho tunayafuata mbali.

Bibi nimemsomea, isipokuwa pale pa mguu. Kauliza watu wenye mikono yao wananunuaje sanduku la kuwaoshea. Halafu kauliza kama sanduku hilo linaweza kumwosha Manyanda, yaani mimi.

Kuja, hapana. Mwenyewe kakataa. Kasema hukuacha kuchunga ukaenda shule ili urudi kumshika mguu. Maliza mtihani, atakungoja.

Diwani bado anatembea mbele ya wenzake na tumbo lile, kama anakwenda kuomba kura. Wanunuzi wa mnadani walimtaka, Bibi kawafukuza na fimbo. Unajua neno lake: huyu hauzwi, huyu atawalisha watakaokuja kunizika. Jana ile pembe yake ya kulia, yenye mchirizi mweupe, imetoboa gunia langu la pumba.

Nimekuchongea kigurudumu cha mninga. Kikaze na waya.

Baba yako

Mpanda, 29 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Bibi anakula? Analala vizuri?

Kigurudumu cha mninga kilizunguka vizuri, shangazi akapiga vigelegele. Kisha kikanywa maji, kikavimba, kikagoma. Kukitoa nilitumia kisu. Darasani msuguano tunausoma kwa Kiingereza na maswali yake napata yote. Jikoni unanishinda.

Baba, acha niungame. Alhamisi sikwenda shule. Nilikwenda stendi na sare yangu, nikapanda basi la Majimoto. Kwenye begi nilikuwa na daftari la Baiolojia na ugoro niliomnunulia Bibi, ule mkali anaoupenda. Gelasius aliponikuta kitini akadhani nimeleta barua, akanyoosha mkono. Sikuwa na barua, wala sauti ya kumwambia nakwenda nyumbani. Nikashuka. Ugoro bado ninao.

Usinigombeze. Nikifungua kitabu naona ule mguu umevimba, nikifunga kitabu nauona bado. Muulize Bibi mwenyewe kama nije, uniandikie maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni matusi.

Mwanao,
Minza

Mpanda, 14 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Mko salama? Bibi je?

Hujajibu. Nikimuuliza Gelasius, anasema hujampa kitu, halafu anaanza kukagua matairi.

Shangazi alisafiri ghafla. Kasema anafuata mzigo wa anko huko Tabora, wakati mwenye mzigo yupo dukani kwake anakunywa kahawa. Karudi sauti imekwisha, anasema ni vumbi la njiani. Kitambaa hakimtoki kichwani hata akikaanga samaki. Na vyombo siku hizi anaviosha mwenyewe. Ananiambia, soma mama, soma tu. Hajawahi kuwa mpole hivi. Ananitia hofu.

Lakini siwezi kukaa na daftari tu, mikono inatafuta kazi. Nimewaza. Vile vipande vya pembe unavyomchongea Bibi vikopo vya ugoro, kimoja hakijabaki? Pembe hainywi maji kama mti. Nichongee kigurudumu, Baba. Na uniandikie, hata mistari miwili.

Msalimie Bibi, mwambie namuwaza.

Mwanao,
Minza

Majimoto, 26 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa ukimya. Ng'ombe walikuwa mbali, na hapa nyumbani tulikuwa na wageni. Hatujambo. Mvua imeanza.

Kuhusu Bibi usihangaike. Mguu haumsumbui tena. Alichotaka ni ufanye mtihani wako, basi.

Kigurudumu hicho hapo, cha pembe. Nimekisugua na mchanga, kisha majivu. Tundu nimelitoboa kwa msumari wa moto, kwa hiyo kitanuka kidogo mwanzoni. Kikikwama, kipake mafuta ya kula.

Soma.

Baba yako

Mpanda, 5 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Kigurudumu kimefika. Nimekiosha, nimekisugua tena, nimekitazama. Kimekaa sawasawa, trei inateleza.

Mtihani unaanza Jumatatu. Nitaufanya. Asante kwa kazi ya mikono yako.

Mwanao,
Minza

Majimoto, 9 Novemba 2024

Mwanangu Minza,

Hujambo? Barua yako nimeisomea zizini, nikaigeuza nyuma nikidhani umeandika na huko.

Hukumsalimia Bibi. Labda ni haraka ya mtihani.

Ukipata nafasi niandikie. Au piga. Sitaweka spika.

Baba yako

Mpanda, 30 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari za nyumbani. Pole kwa kufiwa na mama yako.

Mtihani nimemaliza jana. Sasa naweza kusema. Ule mchirizi mweupe ulipita kando kabisa ya tundu ulilotoboa. Nimemchunga Diwani tangu ndama, pembe ile ndiyo niliyokuwa naishika nikimvusha mtoni. Ulidhani nitaisahau? Au ulitaka niione, kwa sababu mdomo wako nao huwa unakauka kama wangu? Nilipoisugua nikajua kachinjwa, na Diwani alikuwa wa siku moja tu.

Sikulia. Nilikifunga kwenye trei, nikapanga vikombe, nikawasha, nikaenda kusoma. Ulikuwa umenificha ili nifanye mtihani, na mimi nikaficha kwamba najua, ili usiumie kwamba nimejua kabla ya mtihani. Lakini nilikukasirikia, Baba. Kila nilipovuta trei nilikukasirikia. Ningebaki kitini kwenye lile basi, ningemkuta hai.

Jana nilimkuta shangazi jikoni. Nikavuta trei, nikamshikisha kile kigurudumu, nikamuuliza, "Shangazi, Diwani aliwatosha watu wote?"

Akaweka mwiko chini. Akafungua kitambaa. Nywele alizonyoa msibani ndiyo kwanza zinaota, fupi kama za mswaki. Akasema, "Waliochelewa walikula maharage." Tukacheka, halafu tukalia mpaka ugali ukaungua. Anko Lukmani akaja mlangoni, akatuona, akaenda kukaa nje na wateja wa mgahawa.

Shangazi alitaka kukitoa nije nacho. Nimekataa. Bibi hakupenda kitu kikae bure. Kibaki, kibebe vikombe.

Nakuja Jumatatu. Barua hii Gelasius anakuja nayo leo, ili utangulie kujua kwamba najua, usije ukahangaika stendi na maneno ya kupanga. Hata tusiposema kitu njia nzima, sawa. Hasira zangu nyingi zimekwisha, zilizobaki nitakuja nazo.

Ugoro wa Bibi bado ninao, ule wa siku ile ya basi. Sijaufungua. Wewe nionyeshe tu mahali pa kuuweka.

Mwanao,
Minza