Nawakanda Vizuri, Mbona Hawarudi?

Mpendwa mshauri, nakushika miguu, nisaidie kabla ulezi haujaanza kuvunwa, maana ukivunwa tu kaka yangu Hamidi atajaza magunia katika chumba changu cha kazi, na mimi nitarudi kukaa nyuma ya mizani ya duka kama mtoto, au mbaya zaidi nitaozwa kwa mzee Yunusu mwenye lori, ambaye ana goti bovu na kila mtu hapa Sumbawanga anajua kwamba anachoposa ni mikono yangu, si mimi.

Mimi ni mkandaji, na kazi hii nilifundishwa na marehemu mama mkwe wangu, Bi Mwantum wa Kipili, kule ziwani nilikokuwa nimeolewa, naye alikuwa akiwakanda wake za wavuvi mpaka mtu aliyeletwa amebebwa anaondoka na ndoo kichwani, akanionyesha kila kitu, wapi pa kubonyeza kwa kidole gumba, wapi pa kutumia kiganja, na mshipa gani usiguswe kabisa. Kosa lake lilikuwa moja tu, Mungu amrehemu, hakuwa na adabu ya biashara. Mtu akishakandwa, badala ya neno la ukarimu alimwambia, "Haya nenda, nisikuone tena hapa." Mimi nilikuwa naona aibu, kwa kuwa nimelelewa dukani, na baba yetu mzee Mwinjuma alitufundisha kwamba mteja hata akinunua kiberiti lazima aambiwe karibu tena, basi nikajiapia kwamba siku nitakayopata chumba changu, utovu huo hautakuwepo.

Nilipoachika nikarudi nyumbani, kaka akanipa chumba cha uani, nikaanza, na mwanzoni nilipata watu mpaka wengine wanangoja barazani. Ni wanawake tu, mwanamume namkanda kiungo kilichotenguka basi, mlango wazi na kaka akisikia. Nikanunua mafuta ya nazi kwa dereva atokaye pwani, lakini baridi ya huku sijui kama unaijua, mafuta yanaganda kama samli, nikawa nachota kwa kijiko na kumpaka mtu hivyo hivyo, wengine wanaruka kidogo lakini hawasemi kitu. Na adabu nikaitia yote. Nikamwita Flavian seremala akanichongea ubao, akaandika KARIBU TENA kwa rangi nyekundu, nikautundika ndani juu ya mlango ili mtu akitoka auone, na asiyejua kusoma namwambia kwa mdomo wangu, namsindikiza mpaka njiani, karibu tena mama, usikawie, nakungoja.

Sasa nikueleze habari ya Dominika. Huyu ni mama anayekaa Milanzi, mkulima, mkubwa wa wanawake kanisani kwao, akisema jambo limesemwa. Alikuja ameinama kwa kazi ya matuta, mgongo na nyonga ya kushoto, na hapo kwenye nyonga ana uvimbe wa zamani wa kuanguka, nikamkanda mpaka akanyooka akacheka. Nikamsindikiza na maneno yangu mazuri. Akasimama njiani, akanitazama, akaniuliza, "Nirudi tena? Mimi nimekukosea nini?" Nikadhani Kiswahili kinampiga chenga, maana nyumbani kwao ni Kifipa tu, basi nikarudia kwa sauti, karibu tena sana. Akatema mate chini akaenda zake. Wiki ile ile akashika jembe, mgongo ukamkamata upya, na Jumapili baada ya misa, nimeambiwa na jirani yetu Albina, aliwaambia wenzake kwamba maumivu kwangu yanatolewa leo na kualikwa kesho.

Tangu hapo hawaji, hata njia yetu wanapita upande wa pili. Nimepunguza bei, hawaji, nimetangaza kwamba atakayeleta mwenzake nitamkanda mwenzake bure, wakazidi kukimbia, nikamtuma Albina akawaambie kwamba nawakumbuka wote, mmoja mmoja, kwa majina, na yule mmoja aliyekuwa bado anakuja naye akaacha. Nimefikiri labda ni kwa kuwa mimi ni Mwislamu na wao Wakatoliki, lakini chumvi na sukari wananunua kwa kaka kila siku na wanataniana naye. Naumia sana, mshauri. Mikono hii ndicho kitu pekee nilichotoka nacho Kipili. Nifanye nini warudi? Jina langu tafadhali usilitoe.

Mkandaji wa Uani, Sumbawanga

ANAJIBU BI KULSUMU

Mkandaji wa Uani, pole. Barua yako niliisoma nikicheka, lakini nilipofika kwenye hiyo mikono uliyotoka nayo Kipili nikaacha kucheka. Jina lako nimelificha. Na majina ya watu uliyoyamwaga nimeyabadilisha yote, maana umenijulisha uvimbe wa mama wa watu ambao pengine hata mumewe hajauona. Mwili wa mteja ni amana, mwanangu, haupelekwi gazetini. Hilo ni kosa la kwanza, nalo ndilo dogo.

Kubwa ni ubao wako. Nani alikwambia mgonjwa anakaribishwa tena? Chumvi ikimwishia mtu hurudi dukani bila kinyongo, lakini kwako watu wanakuja kuacha kitu wasichokitaka, nawe unawasindikiza mpaka njiani ukiwaomba wakilete tena, na wasikawie. Dominika alikuuliza kwa Kiswahili safi amekukosea nini, ukadhani hajui lugha. Asiyejua lugha ni wewe. Ulimwombea ugonjwa mara mbili, na ya pili ukapaza sauti. Mgongo wa mwenye kulima matuta utauma tu akirudi shambani, hilo si kosa lako, ila ulikwisha kuutolea mwaliko, basi ulipouma ukaonekana umeitika. Na hayo unayafanya katika mji ambao wenyeji wake husema jina lenyewe ni amri ya kutupa uchawi! Kisha unamtuma mtu akawaambie unawakumbuka mmoja mmoja kwa majina. Mimi niliye mbali nimesisimka, sembuse wao.

Yule mama mkwe uliyemwona hana adabu alikufundisha kazi yote, na neno lake la mwisho lilikuwa ndani ya kazi hiyo. "Nisikuone tena hapa" ilikuwa dua. Wake za wavuvi waliielewa, ndiyo maana walikuwa wanaleta mama zao na dada zao. Ukachukua kidole gumba, dua ukaiacha Kipili.

Najua unauliza utakula nini ukiwafukuza. Utakula vizuri. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nawe umejitembeza mpaka njia nzima imekukimbia. Mama aliyenyooka mgongo ndiye atakayekutangaza kisimani, wewe nyamaza. Na kama mgongo unataka kukandwa siku tatu, sema kabla hujaweka mkono, mama, huu nauona wa siku tatu. Hapo umegawa dawa, hujatoa mwaliko, naye atazitimiza mwenyewe. Siku ya tatu mfukuze. Wa kuambiwa karibu tena ni mzazi aliyetoka kujifungua peke yake, kwa kuwa mtoto si ugonjwa, na hata huyo mtazame uso kwanza. Kama huyo ni mtoto wa tisa, funga mdomo.

Sasa inuka. Ubao wa Flavian uteremshe leo hii, uuchanje kuni, na kwa moto wake uyayeyushe hayo mafuta yako. Baridi ya Ufipa wanawake hao wanaipata bure nyumbani, hawahitaji kuja kupakwa kwa kijiko. Kisha nenda Milanzi kwa Dominika, mchana, watu wakikuona, bila chupa wala zawadi, isije ikasemwa umepeleka dawa. Mpe shikamoo yake. Mwambie ulisema maneno ya dukani mahali pa kuponyea, na unamwomba radhi, na mgongo wake ukusahau. Usiongeze neno, najua ulimi wako unawasha. Akikuruhusu kumkanda, mkande pale pale barazani kwake majirani wakitazama, kwa mafuta yaliyopashwa moto, na ukimaliza useme yale ya Kipili.

Hamidi mwambie ulezi wa mwaka huu autafutie pengine. Akiona wanawake wanangoja tena barazani kwake, na kila mmoja akipitia dukani kununua sabuni, magunia atayalaza chumbani mwake mwenyewe.

Na huyo mzee Yunusu, goti likimzidia usimkatalie. Mkalishe mlango wazi, kaka yako akisikia, umkande kwa haki, alipe kama wengine, kisha umwambie maneno ya Bi Mwantum, na kwake yeye uyaseme kwa sauti.

Umejibiwa, mwanangu. Haya nenda, nisikuone tena hapa.