Kiti cha Chantal

Kinama, Bujumbura

Dada yangu mpendwa Zawadi,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake. Hujambo huko Baraka? Miguu imepungua kuvimba? Na mihogo, panya wamekuachia kidogo? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu, ila nikisema ni wazima nitakuwa nakudanganya. Nimepiga simu mara nyingi na hupokei. Ndiyo maana karatasi hii nampa mama muuza vitenge, yule wa kanisa lenu, anayevuka ziwa leo.

Dada, mke wangu Chantal ana mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza najua uliisikia kwa watu tu. Uchungu ulimshika, tukasimama barabarani, basi halikuja, teksi haikuja, mafuta hayakuwepo mji mzima. Mtoto alizaliwa hapo hapo kando ya barabara, juu ya koti langu, akalia mara moja, basi. Alikuwa msichana. Safari hii kituo cha afya cha mtaani wametuambia wazi kwamba azalie hospitali kubwa ya mjini. Na mafuta hadi leo yanatafutwa kwa tochi.

Basi nikaamua kutengeneza baiskeli. Usicheke. Niliiona kwa jirani, imelala nyuma ya banda, kuku wanaifanya kitanda. Nilimpakia rangi sebule yake, naye akanipa baiskeli, kila mmoja akiamini amempunja mwenzake. Haikuwa na mnyororo, pedeli ilikuwa moja, breki hakuna kabisa. Mnyororo niliunga vipande viwili vya kuokota. Goroli nilizisafisha kwa mafuta ya taa, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Breki ni ya kimaskini: kipande cha tairi la gari chini ya kiatu, unakanyaga gurudumu, linasimama likipenda. Viatu vyangu vya harusi viliondoka, vikarudi tairi la nyuma. Chantal alinitazama nikienda kanisani na kandambili, akatikisa kichwa tu.

Unanijua kwa kujisifu. Hapa kuna wabeba makaa wanaoshuka kutoka milimani, baiskeli zao zimechomelewa nondo za ujenzi kwenye fremu na kwenye keria, na zinabeba magunia matatu. Nikasema inayobeba makaa itashindwaje na mke wangu? Nikakusanya vipande vya nondo pale ninapopaka rangi, nikampelekea fundi wa kuchomelea. Akanitengenezea keria ndefu, pa kuegemea mgongo na pa kuweka miguu. Mimi nikatia sponji, nikaifunika kwa kipande cha kitenge cha Chantal, nikaleta rangi ya kijani iliyobaki kwa tajiri mmoja, niipake baiskeli nzima. Fundi aliitazama baiskeli, kinga kama anavyoiita, akacheka. "Bahati, we unatengeneza kinga ao unajenga nyumba?" Kisha akagonga gurudumu la nyuma kwa kidole. "Izi spoku ni za zamani sana. Batu ba makaa banaweka nene. Badirisha kwanza, ndio upake rangi."

Nikamwambia nitabadilisha mwezi ujao. Rangi nilikuwa nayo, spoku sikuwa nazo, nikapaka rangi. Hilo ndilo kosa langu, dada, na sijui nitalifuta wapi.

Jumamosi iliyopita nikamwambia Chantal twende tujaribu njia. Alivaa vizuri, akakaa, akacheka. Majirani wakapiga makofi. Tulipofika kwenye mteremko mdogo nikasikia spoku zinakatika, moja, mbili, halafu nyingi pamoja, na gurudumu likajikunja chini ya uzito wa chuma chote kile nilichokipenda. Aliangukia ubavu. Mimi sikupata hata mkwaruzo, na hilo linaniuma hadi leo. Nikamuuliza anaumia wapi. Akasema, "Apana, mi sina kitu. Inua kinga yako, batu banatuangalia." Siku nzima mtoto alinyamaza tumboni. Kesho yake akacheza, nami nikalia mbele ya watu wote wa uani.

Sasa Chantal hataki kupanda tena. Anasema, "Heri nizalie hapa hapa." Nimetoa saa yangu nikapata spoku nene, nazifunga, lakini rimu imepinda, nikikaza huku inakimbilia kule. Naogopa, dada, naogopa hadi nashindwa kushika spana.

Najua ulivyoapa. Nilioa kabla hatujaondoa kilio cha mama, matanga yake bado, sikungoja hata ukoo ukutane, nawe ukasema nyumba yangu hutaikanyaga. Ulikuwa na haki. Nilikujibu maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Nisamehe. Ningekuwa peke yangu ningekufa na kiburi changu, lakini siko peke yangu. Nusu ya watoto wa mtaa wenu umewapokea wakizaliwa, kwa mikono yako. Mama wa vitenge anarudi na boti wiki ijayo, panda naye. Chantal amesema mwenyewe kwamba ukimshika mkono ataenda popote. Usipokuja, siku ikifika nitampakia hivyo hivyo, maana sina kingine.

Nisalimie shemeji, mume wako mvumilivu. Nisalimie mjomba anayelinda shamba, na shangazi wa kwaya, mwambie aniombee kwa sauti ile ile ya kuamsha mtaa.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Bahati

Wifi, ni mimi Chantal. Naandika hapa chini kabla sijaifunga barua nimpe mama wa vitenge, Bahati ameenda kazini. Nisamehe mwandiko. Siku ile ya kuanguka damu ilitoka, ikaacha. Jana imetoka tena. Sikumwambia, maana anajilaumu hadi chakula kinamshinda. Nikimaliza kuandika nitatembea polepole mpaka kituo cha afya, jirani atanishika. Wataniambia niende mjini, najua. Wifi, usingoje wiki ijayo.