Ulezi Kwenye Chumba cha Taipureta

Jumatano, Julai 1976

Msaidizi niliyemwomba amepatikana, kumbe ni mlinzi.

Wala halindi taipureta. Analinda ulezi wa shamba la shule, ambao tangu tuvune umejazwa kwenye chumba changu cha kuchapia, kwa kuwa ndicho pekee chenye kufuli. Mashine ziko nyuma ya magunia.

Leo niliwapeleka huko wanafunzi wa kidato cha nne. Mlinzi, mzee mmoja wa mtaa wa Izia, alikuwa mlangoni na koti lake zito. Nikamwamkia, nikamwomba atupishe.

“Marahaba, mwalimu. Lakini watoto usiwaingize humu. Panya wananitosha.”

Tukarudi darasani. Nikawachorea herufi za taipureta kwa chaki juu ya madawati, wakachapa hapo. Hakuna aliyekosea. Dawati halionyeshi kosa.

Mtihani ni mwezi ujao, na wataufanyia kwenye mashine. Wakifeli, hakuna atakayeuuliza ulezi. Nitaulizwa mimi. Naogopa, nisijidanganye.

Jioni mkuu wa shule akaniita. Akasema wakubwa wamesifu sana kujitegemea kwetu, kwa hiyo tuombe taipureta nyingine kabla sifa hazijapoa.

“Barua iwe safi, mwalimu. Ichape.”

Nikamkumbusha magunia.

“Basi andika kwa mkono. Hati yako si mbaya.”

Nimeiandika. Tunaomba taipureta kumi. Na mwishoni, bila kumwuliza, nimeongeza: na kufuli moja.