Hii si yetu

Jumanne, Whitehall

Ni wivu tu, nisijidanganye.

Leo nikipanga rafu pale duka la Wayahudi, msichana wa miaka sita hivi alichukua biskuti, akageuza pakiti kutafuta alama ya kosher, yaani chakula ambacho dini yao inaruhusu. Hakuiona. "Hii si yetu," akamwambia mama yake, akairudisha mwenyewe. Wala hakulia!

Nimerudi nyumbani na hiyo "yetu" imenikaa rohoni. Nikakaanga dagaa wa Kigoma. Binti yangu Neema akaziba pua, akaniambia kwa Kiingereza kwamba wananuka, anataka piza. Nikamfokea: "Nani kakufundisha kudharau chakula chetu?"



Sasa ndipo nakumbuka. Chakula cha kutoka nyumbani hakiingii jikoni kwao pale dukani, ni sheria ya dini yao, kwa hiyo wafanyakazi tunakula kwenye magari yetu. Hilo sina neno. Lakini Jumapili nilienda na Neema kazini. Kabla sijafungua bakuli la dagaa, nilimwambia apandishe vioo vya gari, watu wasisikie harufu.

Alivipandisha haraka. Mtoto msikivu yule.