Jina Aliloliandika Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Matone ya jicho saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Baba analalamika kila mara kana kwamba namtia pilipili. Tangu atolewe mtoto wa jicho wiki iliyopita yuko kwangu hapa Dodoma, hana kazi ila redio na kunisikiliza mimi. Jioni nilikuwa naandaa somo la Historia ya Tanzania, vita vya Kagera. Nasoma kwa sauti, ndiyo mazoea yangu. Nilipofika pale jeshi letu lilipovuka mpaka kuingia Uganda, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nirudie tena. Halafu akauliza kama kitabu kinasema ilikuwa haki.

Kitabu kinasema tulivamiwa. Nikamjibu ndiyo, ilikuwa haki. Hakuridhika. Mimi nimechoka, nina rundo la madaftari ya kusahihisha.

Jumanne, 5 Agosti

Ameuliza tena, wakati wa chai. Kuwafukuza sawa, anasema, na kuwafuata mpaka Kampala je? Baba hakwenda vitani. Alikuwa balozi wa nyumba kumi kijijini kwetu Gulwe, basi. Sijui anasumbuliwa na nini miaka yote hii baadaye.

Nikafanya kosa la kuuliza ofisini. Mwalimu wa Jiografia, kwao Bukoba, akanijia juu. Bibi yake alikimbia na mtoto mgongoni, nyumba inaungua nyuma yake. Anasema wangeachwa pale mpakani, wangerudi. Mwalimu wa Hesabu akasema nchi ya watu ni ya watu, wangemalizana wenyewe, na sisi tukabaki kupanga foleni ya sabuni. Nikaona wote wawili wana haki. Haiwezekani wote wawili wawe na haki. Nimerudi nyumbani kichwa kinagonga.

Alhamisi, 7 Agosti

Sasa najua, baba kanieleza mwenyewe. Naandika haraka kabla sijaanza kuyapamba.

Wakati ule kila balozi aliambiwa atoe mtu mmoja wa mgambo. Kwenye nyumba zake kumi wenye nguvu walibaki wawili. Baba mdogo Danieli, mdogo wake wa tumbo moja, hajaoa. Na Lameck, jirani, ana mke na mtoto ambaye hata meno hajaota. Baba akaandika Lameck. Anasema hakuwa na nia mbaya. Mvua ilikuwa imegoma, malisho yako mbali, na Danieli ndiye aliyekuwa anachunga ng'ombe wetu. Tena aliamini ni wiki chache tu, wavamizi wanasukumwa nje, vijana wanarudi kulima. Kijijini akasema jina limetoka wilayani.

Wavamizi wakasukumwa nje. Jeshi likaendelea. Lameck akafia Masaka, ndani kabisa ya Uganda.

Kumbe hilo swali si la kitabu. Kama kuvuka mpaka kulikuwa haki, Lameck alikufa kwa jambo la haki na baba anaweza kulala. Kama haikuwa haki, basi waliomuua ni wakubwa walioamua, si yeye. Huku na huku anajitafutia mlango wa kutokea. Nimemkasirikia, na nimemwambia hivyo hivyo. Mimi, kumwambia baba yangu maneno yale. Sikula.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko Nzuguni kwenye maonyesho. Sisi tuko ndani tumenuniana.

Nimewaza mchana kutwa, sijafika popote. Yule nduli, mtawala wao, alikuwa anaua watu wake mwenyewe. Tulipoingia kwao watu walishangilia barabarani, hiyo kweli. Wapo askari wetu waliorudi na redio na saa za watu, hiyo nayo kweli. Walioamua, walimfikiria Lameck? Hawakumjua. Baba alimjua. Alikuwa anasalimiana naye kila asubuhi, na bado akamwandika. Nikisema hivyo nawaachilia wakubwa. Nikisema kinyume namwachilia baba. Kila nikishika upande mmoja unaniponyoka.

Na kuna jambo ninalolikwepa toka jana, acha niliandike. Baba mdogo Danieli ndiye aliyenisomesha. Angeandikwa yeye, mimi nisingekuwa mwalimu. Nimekula matunda ya jina lile. Sijui nifanye nini na jambo hili.

Jioni baba kasema anataka kwenda Gulwe kesho, kwa Mama Eliya, mjane wa Lameck. Daktari alikataza vumbi. Nikamkumbusha. Anasema ataziba jicho.

Jumamosi, 9 Agosti

Basi mpaka Mpwapwa, kisha bajaji mpaka Gulwe. Baba kafunga kitambaa usoni.

Mama Eliya alikuwa anachambua karanga uani. Amezeeka sana. Nikampa shikamoo. Alifurahi kutuona, akampa baba pole ya jicho, akatandika mkeka. Baba hakuketi. Alisema kwa Kigogo, haraka haraka, kwamba jina halikutoka wilayani, aliliandika yeye. Halafu akaanza ya mpaka, ya Kampala, ya serikali. Mama Eliya akamkatisha. Akasema, "Ya serikali yaache. Mimi nilikuuliza wewe, hapo mlangoni, mtoto mgongoni. Ukaniambia wilaya."

Mimi, msomi wa historia, nilikuwa naangalia karanga.

Alitupikia, hata hivyo. Ugali na mlenda. Akaja na jagi na beseni, akaninawisha mimi. Baba akanyoosha mikono. Maji hayakuja. Aliendelea kuinyoosha, nadhani alifikiri ni jicho lake tu lisiloyaona maji. Nikachukua jagi nikamnawisha mwenyewe. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Wakati wa kuaga Mama Eliya aliniuliza mimi, si baba, kama Danieli anajua. Nikamwambia hajui.

"Aje," akasema. Akarudi kwenye karanga zake.

Jumatano, 13 Agosti

Upepo leo, mji mwekundu kwa vumbi. Jicho la baba linaendelea vizuri.

Darasani msichana mmoja aliuliza kama ilikuwa haki kuvuka mpaka. Nikasema sijui. Walicheka, mwalimu hajui. Nikawaambia nimetafuta na bado sijui, ila najua wavamizi walichoma nyumba za watu, na najua mtu mmoja aliyekwenda na hakurudi. Wakaacha kucheka.

Jioni nimempigia baba mdogo Danieli, yuko Busi, Kondoa, alikooa. Nikamwambia Mama Eliya anamwita. Amefurahi sana. Hakuuliza kuna nini. Anasema atakwenda Jumamosi, na atambebea debe la uwele, maana Lameck alikuwa rafiki yake, walichunga pamoja tangu wadogo, na mpaka leo anamshukuru Mungu kwamba bahati mbaya ile haikumwangukia yeye, halafu anaona haya kushukuru.

Baba alikuwa amekaa karibu nami, anasikia kila neno. Nikamnyooshea simu aseme mwenyewe. Hakuipokea. Nikaiweka mezani katikati yetu, na Danieli akawa anaita, haloo, kaka, haloo.