Asali, Tangawizi na Kifua cha Baba Watoto

Jumapili, 1 Juni

Baridi imeingia bila hodi. Madirisha yanatoa jasho kwa ndani, taulo hazikauki, na Kitinda, mwanangu wa mwisho, bingwa wa kupoteza soksi, tayari ana kamasi mbili zinazoshindana mbio. Nimeapa: mwaka huu hapana! Mwaka jana tuliuguzana nyumba nzima, anapona huyu anaanguka yule, hadi nikasahau ni zamu ya nani kuumwa.

Basi leo nimeshinda jikoni. Tangawizi nimetwanga, malimau nimekata, kitunguu saumu nimemenya hadi kucha zinawasha. Asali chupa kubwa. Majani ya mkaratusi yananing'inia bafuni. Nikawaita wote mezani, kila mtu na kikombe chake.

Binti, mkubwa wangu, amenusa tu, akasema ameshiba. Kitinda amelia kabla hajaonja. Baba watoto amepiga funda moja, akakunja uso kama mtu aliyelamba betri. "Mke wangu, hii ni dawa au ni adhabu?" Watoto wakacheka! Akamwaga kwenye sinki huku namtazama. Huku namtazama!

Nikawaambia haya, endeleeni, mtakwenda hospitali kuokota magonjwa ya wenzenu.

Nimeosha vikombe peke yangu.

Jumatano, 4 Juni

Wifi yangu, dada yake baba watoto, ametuma ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba. Kata kitunguu maji, kiweke ndani ya soksi, mtoto alale nacho, asubuhi mafua kwisha. Wifi hana mtoto mdogo nyumbani, wake wote wameota ndevu. Rahisi kushauri soksi za wenzako. Nimejaribu hata hivyo. Asubuhi kitunguu kilikuwa kwenye mto wangu mimi, soksi haijulikani iliko, kamasi ziko palepale.

Binti naye amegoma rasmi. Eti shuleni wanamwita Kitunguu. Eti rafiki yake amehamisha kiti. Nimemwambia bora uitwe Kitunguu ukiwa mzima. Akaniangalia tu. Umri ule unajua kuangalia.

Kazini hakuna nafuu. Nje baridi, ndani ya duka letu la dobi ni mvuke wa pasi tupu. Unatoka jasho, unafungua mlango, upepo unakungoja. Mwenzangu wa kaunta anasema mashati ya wateja yataanza kunuka saumu. Sikucheka.

Jumatatu, 9 Juni

Ushindi! Baba watoto anakohoa tangu juzi, na leo amekuja mwenyewe jikoni. Mwenyewe! "Ile yako ya tangawizi ipo?" Nikadhani ananitania. Amekunywa yote, akageuza kikombe chini juu nione. Akaomba kingine.

Nimevimba kichwa, sikatai. Nimempigia wifi nikajisifu mpaka simu ikakata. Nimewaambia watoto: mnamwona baba yenu? Mtu mzima mwenye akili zake!

Binti akauliza kama baba ana homa.

Jumamosi, 14 Juni

Kikohozi bado. Kikavu, kama mtu anapasua kuni chumba cha pili. Lakini dawa anatumia, jamani, kwa bidii hadi mimi ndiye ninayechoka. Asubuhi tangawizi. Mchana anabeba chupa nzima kiwandani. Yeye ni fundi wa milango, kile kiwanda cha mbao nyuma ya soko. Jioni anasukutua maji ya chumvi, halafu blanketi kichwani, sufuria ya mkaratusi chini ya pua. Anajifukiza hadi maji yanapoa. Leo Kitinda amemfuata humo chini ya blanketi, nusura maji ya moto yawamwagikie wote. Nimepiga kelele. Wametoka nyuso zinavuja maji, wananishangaa mimi, kana kwamba mimi ndiye sufuria.

Asali imekwisha. Chupa nzima! Kitinda hajapata hata ya kulamba.

Na siku hizi analala ameketi kwenye kochi. Eti kitanda kimebonyea. Kitanda ni kilekile tulichooana nacho.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepita kwa mfamasia wa pale kona kununua asali nyingine. Nikamweleza yote, nikingoja pongezi. Akaacha kupanga maboksi yake. Akasema asali na tangawizi si vibaya, koo linapata raha. Lakini mtu mzima anakohoa hivyo, hapungui, analala ameketi? Akapimwe kifua. Nikasema sawa, nipe asali kwanza. "Leo sikuuzii, mama. Mpeleke."

Sijawahi kuona muuzaji anafukuza mteja!

Nimerudi nyumbani mbio. Baba watoto hata hakuinua macho. "Dawa zako zinanifaa. Mbona unataka kuniacha njiani?" Nikasema hospitali. Akasema, "Si wewe uliyetuambia watu huenda hospitali kuokota magonjwa ya wenzao?"

Nilisema! Nilisema kwa hasira, kikombe mkononi. Mwanaume huyu hakumbuki tarehe ya kuzaliwa ya mtoto hata mmoja, lakini hilo amelihifadhi neno kwa neno.

Jumapili, 22 Juni

Nimegombana na wifi. Nilimwomba kitu kimoja tu, amwambie kaka yake akapimwe, maana yeye humsikiliza. Akaniitikia vizuri, ndiyo wifi, sawa wifi. Kisha akatuma ujumbe: kitunguu saumu kwenye maziwa ya moto. Baba watoto ameusikiliza mara mbili, sauti juu kabisa, ananitazama. "Umesikia? Maziwa."

Maziwa! Nimetoka nikasimama nje bila sweta hadi damu ikapoa.

Jumanne, 24 Juni

Sijavua hata nguo za kazi. Acha niandike hivyohivyo.

Leo kazini amekuja Ndevu, fundi mwenzake baba watoto, ameleta koti lifuliwe. Tukasalimiana. Akauliza, "Shemeji, mzee anaendeleaje? Maana pale getini kuna upepo."

Geti gani?

Akauona uso wangu. Akaanza kupekua mifuko ya koti ambayo tayari alikuwa ameitoa vitu.

Nilimbana. Habari ikatoka kidogokidogo. Kwamba baba watoto hayuko kwenye msumeno tena. Pumzi ilikuwa inamkatika, msimamizi akamhamishia getini kufungulia magari. Kwamba alianza kukohoa kabla hata baridi haijafika. Alikuwa anakwenda kukoholea nyuma ya rundo la mbao, anarudi anapiga mluzi. Kwamba siku waliyokuja watu wa kupima vifua pale kiwandani, mafundi wote walipanga mstari, yeye akaaga anakwenda chooni. Alitoka huko watu wa vipimo wameshaondoka.

"Ni kwa sababu ya Mrefu, fundi mwenzetu, shemeji," Ndevu akasema. "Mrefu walimpiga picha ya kifua, wakaona kitu. Hajarudi kazini mpaka leo. Sote tunaogopa, si yeye tu."

Koti nikalipokea. Likamwaga vumbi la mbao kaunta nzima, laini kama unga wa ngano. Nikafuta. Nikafuta tena.

Jioni nimewaambia watoto waende chumbani. Baba watoto hakukana hata neno.

"Kwa hiyo ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Vikombe vyote vile, kaomba kingine, kaomba kingine, kumbe unanifunga mdomo?"

"Nilikuwa nakunywa nipone."

"Na hospitali?"

Akakohoa kwanza. Akangoja pumzi irudi. "Hospitali wanaandika. Wakiandika, bosi anasoma. Tangawizi yako haiandiki ripoti."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, au kwa utani wake. Kwa hilo sikujiandaa. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilipogeuka, Binti alikuwa mlangoni.

Jumatano, 25 Juni

Nimegoma. Sijachemsha kitu. Sufuria zimelala kifudifudi. Anayetaka tangawizi aitafune mbichi!

Nimerudi kutoka kazini nikakuta nini? Nyumba nzima inanukia. Binti, yuleyule wa kuziba pua, anamkamulia baba yake limau. "Ameniomba, mama. Nimwambie hapana?"

Nikakaa kwenye stuli. Nikimpa, ninamsaidia kujificha. Nikimnyima, anakohoa mbele ya macho yangu na mimi mikono mitupu. Nikamweleza Binti kila kitu, hata yale ambayo hakuyasikia mlangoni. Hakulia. Aliendelea kukamua lile limau hata lilipokuwa ganda tupu. Kisha akampelekea baba yake kikombe, nikamsikia: "Hiki cha leo tu, baba. Kesho mimi simo."

Baba watoto hakubisha! Mimi napiga kelele mwezi mzima hakuna anayesikia, mtoto anasema maneno mawili matatu mtu anainamisha kichwa. Nimefurahi? Nimeudhika. Yote mawili.

Ijumaa, 27 Juni

Tunakaa ghorofa ya tatu. Lifti imekufa tangu tulipohamia. Leo nimepanda ngazi na mifuko ya sokoni, nikamkuta baba watoto amekaa ghorofa ya pili, mgongo ukutani, jirani amemsimamia. Amemwambia jirani anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba!

Jirani alikuwa na adabu, akaondoka. Nikakaa naye kwenye ile saruji ya baridi. Nilikuwa na maneno ya mwezi mzima, nimeyapanga, nimeyanoa. Badala yake nilimwekea mkono mgongoni nikasikia pumzi inavyohangaika humo ndani, inagonga hapa, inagonga pale.

"Twende sasa hivi," nikasema.

"Sasa hivi wamefunga. Kesho asubuhi. Mtu wa picha huwa yupo hadi saa sita. Nimeshauliza."

Ameshauliza! Lini? Kwa nani? Kwa hiyo alikuwa anauliza huko nje na ndani ananiambia maziwa? Huyu mtu atanitoa roho. Nilimkokota ngazi zilizobaki, mifuko mkono huu, yeye mkono huu, natukana chini kwa chini, na yeye anasema "taratibu, mke wangu," kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Jumamosi, 28 Juni

Naandikia kwenye benchi la kliniki. Bora niandike, la sivyo nitamng'ata mtu. Kila anayepita anasema "bado kidogo." Kuta nusu bluu nusu chafu. Mtoto wa mtu anakohoa, mama yake ananiuliza kama mkaratusi unasaidia. Nimemwambia unazibua pua, usimwache karibu na maji ya moto, na akizidi usikae naye nyumbani. Nimesikia sauti yangu mwenyewe. Mfamasia mtupu.

Daktari ni mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye nywele. Ameuliza kikohozi kilianza lini.

"Wiki iliyopita," baba watoto akasema.

"Muongo!" Nadhani hadi mapokezi wamesikia.

Akauliza anatumia dawa gani. Hapo mtu wangu akakaa wima, akaanza kunisifu. Mke wangu ananitunza, daktari. Asubuhi tangawizi, jioni mvuke, hajachoka hata siku moja. Kwa fahari! Kana kwamba ananiombea kazi pale. Nilitamani sakafu inimeze. Daktari akasema vizuri, vimemtuliza koo, havijamdhuru. Ila muda umepita. Akauliza, kazi yako? Baba watoto akaangalia viatu. Ikabidi mimi niseme: mbao. Daktari akashusha miwani machoni.

Wamempiga picha. Tunangoja majibu. Amevua kofia, amevaa, amevua. Sasa hivi ameninong'oneza, "Nikiambiwa niache mbao, nitakuwa nani?"

Nimemwambia utakuwa baba watoto, utakaa nyumbani unikere vizuri. Hakucheka. Hata mimi sikucheka. Nina dawa ya koo, ya pua, ya tumbo, ya kichwa. Ya swali lile sina.

Mlango umefunguliwa. Daktari mwenyewe, ile picha mkononi. Amemwita. Baba watoto amenyanyuka — hapana, amekaa tena. Watu wanageuka kututazama. Daktari ameita mara ya pili, polepole zaidi, na mimi sipendi jinsi alivyoshusha sauti.

"Twende," namwambia. Anatikisa kichwa. Anamtazama daktari, mimi hanitazami, lakini amenyoosha mkono upande wangu, anataka nimpe wangu, na wangu ndio huu ninaoandikia.